Lango moja, sheria mbili: Nani anaamua ugomvi wa pango Busia na Tororo?

BUSIA/TORORO – Mfanyabiashara anayefika asubuhi na kukuta kufuli la pili mlangoni mwa stoo yake hahitaji kuelezwa maana yake. Mwenye nyumba amechoka kungoja. Ndani kuna magunia ya maharage, marobota ya mitumba au katoni za sabuni. Nje kuna mteja aliyekwisha kulipa nusu, na dereva wa lori anayehesabu saa. Kufuli la bei ndogo limeshika mtaji wote.

Ugomvi kama huo hutokea Kisumu na hutokea Jinja. Lakini katika Busia, miji miwili yenye jina moja, na kutoka Malaba hadi Tororo upande wa Uganda, kuna swali la ziada ambalo mpangaji wa kwingine hajiulizi: kufuli hilo linaamuliwa na sheria ya nchi gani?

Jibu ni sheria ya nchi ambako jengo limesimama. Haijalishi mpangaji alizaliwa wapi, mzigo umetoka wapi, wala pango lililipwa kwa shilingi ipi. Kulitamka jibu hilo ni rahisi, ila kutolijua ni ghali, kwa sababu sheria za Kenya na Uganda kuhusu pango zinatofautiana katika jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani huliona dogo: maandishi.

Mzigo una lango moja

Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha Busia. Tangu hapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na anayevuka hashughulikiwi mara mbili kama zamani. Mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani. Raia wa Kenya na Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa bila kuhitaji pasipoti.

Urahisi huo umewafanya watu waweke mali pande zote mbili. Mkenya anakodi stoo Sofia, upande wa Uganda, ili anunue nafaka na mayai karibu na yanakotoka. Mganda naye anakodi chumba cha duka upande wa Kenya ili awe karibu na wanunuzi wake. Anayechukua saruji au bidhaa nyingine Tororo anahitaji mahali pa kuziweka kabla ya kuzipeleka Malaba.

Hapo ndipo umoja unapofikia ukingo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Lakini kifungu chake cha 15 kinasema kupata na kutumia ardhi na majengo kutaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Jumuiya ilifungua lango la mzigo, mlango wa stoo ukabaki mikononi mwa Nairobi na Kampala.

Kenya: mkataba wa mdomo una kinga

Upande wa Kenya, duka, hoteli au mkahawa hulindwa na sheria ya mwaka 1965 ijulikanayo kama Sura ya 301. Duka kwa maana ya sheria hiyo ni jengo linalotumiwa hasa kwa biashara ya rejareja, ya jumla, au kwa kutoa huduma kwa malipo.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: mpangaji asiye na mkataba wa maandishi ndiye anayeingia moja kwa moja chini ya ulinzi wa sheria hiyo. Pia anaingia mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, au unaoruhusu kuvunjwa kabla ya miaka 5 bila kosa la mpangaji. Bunge la wakati ule lilitazama muuza duka mdogo aliyekubaliana kwa mdomo, likamwekea ngao.

Ngao hiyo inafanya kazi hivi. Mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji au kupandisha pango ni lazima atoe notisi katika fomu maalumu, nayo haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji aipokee. Sababu za kumtoa zimetajwa katika sheria. Miongoni mwake ni kutolipa pango kwa miezi 2 baada ya tarehe yake, kuchelewesha malipo mara kwa mara, au mwenye nyumba kutaka kulibomoa jengo na kulijenga upya.

Mpangaji asiyekubali anatakiwa kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kisha kupeleka malalamiko kwa jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara, ambalo wengi hulijua kwa herufi BPRT, kabla ya siku ambayo notisi inaanza kutumika. Akikaa kimya hadi siku hiyo ipite, notisi inaweza kumfunga. Wengi hupoteza duka hapo. Haki wanayo, lakini karatasi waliiweka droo wakidhani ni vitisho tu.

Kinga hiyo ina mipaka. Upangaji ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mmoja wa wahusika haumo. Kwa hiyo mwenye kibanda katika soko la kaunti hawezi kuegemea sheria hii, na mgogoro wake una njia nyingine. Tena, chumba kinachotumika kuhifadhia mzigo tu, bila kuuza, kinaweza kuzua ubishi kama ni duka au la.

Uganda: andika au ukose pa kushika

Ukivuka hatua chache kuelekea magharibi, mambo yanageuka. Uganda ilipata Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji mwaka 2022, baada ya muswada wake kurudishwa bungeni na Rais. Sheria hiyo inataka makubaliano ya upangaji yenye thamani ya shilingi 500,000 za Uganda au zaidi yawe kwa maandishi. Kwa kiwango cha shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, hiyo ni chini ya shilingi 18,000 za Kenya. Si stoo nyingi za mzigo wa jumla zitakazopita chini ya kiwango hicho.

Sasa mchukue Mkenya aliyezoea duka la mdomo nyumbani kwao. Amekaa nalo miaka 10, hajawahi kusaini kitu, na hajawahi kutolewa. Anavuka, anapeana mkono na mwenye stoo, analipa miezi kadhaa na kuingiza mzigo. Kwa mazoea yake yuko salama. Kwa sheria ya mahali aliposimama, amejenga juu ya mchanga. Siku ya ugomvi, neno lake litapambana na neno la mwenye nyumba, na kufuli limo mikononi mwa huyo mwingine.

Mganda anayekwenda upande wa pili hukosea kinyume chake. Anasainishwa mkataba wa mwaka mmoja, anaambiwa umekwisha, na anafunga virago akiamini muda ukiisha haki nayo imekwisha. Hajui kwamba katika duka la Kenya mkataba mfupi namna hiyo uko chini ya Sura ya 301, na kwamba tarehe ya mwisho kwenye karatasi haitoshi kumtoa.

Sheria ya Uganda ina mambo yanayompa mpangaji nguvu pia. Pango halipaswi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10, isipokuwa waziri aweke kiwango kingine. Malipo yanapaswa kuwa kwa shilingi ya Uganda, ila kama mkataba unasema vingine. Mpangaji akishindwa kulipa kwa zaidi ya siku 30, mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kudai deni na kumtoa. Kumtoa kwa mabavu bila kupitia mahakama ni kosa.

Lakini haki hizo zote zinasimama juu ya swali la kwanza atakaloulizwa mpangaji mahakamani: mkataba uko wapi?

Hesabu ya shilingi mbili

Neno dogo la "isipokuwa mkataba unasema vingine" lina uzito mkubwa mpakani, ambako biashara inafanyika kwa shilingi mbili. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imeshuka sana, na ilibadilishwa kwa takriban 24 za Uganda. Serikali ya Kenya ilipopata fedha za kulipia deni la Eurobond la dola bilioni 2, sarafu yake ikapanda, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 28.

Mpangaji anayeuza kwa shilingi ya Kenya na kulipa stoo ya 500,000 za Uganda alihitaji karibu 20,800 za Kenya mwanzoni mwa mwaka, na karibu 17,900 miezi michache baadaye. Tofauti ni karibu 3,000 kwa mwezi, na hakuna aliyepandisha wala kushusha pango. Mwenye nyumba aliyekubali kulipwa kwa shilingi ya Kenya alipata hasara au faida ya namna hiyohiyo.

Mizozo mingi huanzia hapa. Mkataba haukutaja sarafu. Mwezi mmoja mpangaji alilipa kwa ya Kenya, mwezi wa pili kwa ya Uganda, mwezi wa tatu kwa simu. Pesa ikishuka, mwenye nyumba anadai walikubaliana kwa ile nyingine. Mstari mmoja wa kutaja sarafu na kiwango cha kubadilisha ungemaliza ubishi huo kabla haujaanza.

Jina la nani liko kwenye karatasi?

Kuna sababu ya watu kuepuka maandishi, na si uvivu. Wasamia wapo pande zote mbili za Busia, na Wateso wapo pande zote mbili za Malaba. Mwenye stoo mara nyingi ni mjomba, shemeji, au mtu aliyesoma na kaka yako. Kumwomba karatasi mzee kama huyo kunaonekana kama kumwambia humwamini. Basi mkataba unakuwa chai na salamu, na kwa miaka mingi unafanya kazi vizuri.

Unavunjika mzee anapofariki. Watoto wake, wengine wakiwa Kampala au Nairobi, wanarudi kugawana mali na kumkuta mpangaji anayesema alikwisha kulipa hadi Desemba. Hawana ubaya naye, ila hawana cha kuwaonyesha kwamba anasema kweli. Mzee aliyekubali kupunguza pango kwa sababu mpangaji aliezeka paa kwa pesa yake ameondoka na siri hiyo.

Njia nyingine ya mpakani ni kukodi kwa jina la mtu mwingine. Mfanyabiashara mgeni anamtumia rafiki mwenyeji asaini mkataba na kuchukua leseni, ili kuepuka maswali. Sheria za nchi zote mbili zinamruhusu asiye raia kukodi. Kinachokatazwa ni kumiliki ardhi moja kwa moja, na mwisho wa kukodisha ardhi ni miaka 99 Kenya na Uganda pia. Kwa hiyo mgeni hana haja ya kujificha. Akijificha, mpangaji mbele ya sheria ni rafiki yake. Urafiki ukiisha, mwenye mzigo anabaki kuwa mtu aliyeweka mali kwenye stoo ya mwingine.

Hatari kama hiyo inampata anayegawiwa kona ya stoo na mpangaji mwenzake. Mwenye stoo akidaiwa na mali ikakamatwa kwa deni la pango, magunia ya aliyejibanza huingia kwenye mkumbo, na kazi ya kuthibitisha kuwa ni yake inamwangukia yeye.

Tororo: mwenye nyumba ni nani?

Tororo ina swali lake la zamani. Kama miji mingine ya reli mashariki mwa Uganda, maduka yake ya katikati ya mji yalijengwa kwa sehemu kubwa na Wahindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke. Mali zao zikawekwa chini ya Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka, na sheria iliyopitishwa mwaka 1982 ikawaruhusu wenyewe au warithi wao kudai kurudishiwa.

Majengo mengine yalirudishwa, mengine yakauzwa, na mengine yakabaki na zaidi ya mtu mmoja anayedai. Bunge la Uganda lenyewe limewahi kuichunguza bodi hiyo kuhusu jinsi mali hizo zilivyogawanywa. Kwa mpangaji, historia hii inajitokeza kwa sura ya kawaida kabisa: watu wawili, kila mmoja na barua yake, wanadai pango la chumba kimoja. Anayemlipa mmoja anaweza kudaiwa tena na wa pili.

Ndiyo sababu katika majengo ya zamani ya Tororo, kumjua anayepokea pesa hakutoshi. Mpangaji anapaswa kuona hati ya jengo au barua inayompa mpokeaji mamlaka ya kukodisha, na kuuliza majirani wanaolipa kwa nani. Dalali anayekataa kuonyesha lolote kati ya hayo ameshatoa jibu.

Mwenye nyumba naye analia

Itakuwa dhuluma kumchora mwenye nyumba kama adui. Wengi wao si matajiri. Ni mjane aliyejengewa vyumba vitatu vya mbele na marehemu mumewe, au mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye matofali. Pango ndilo ada ya shule na dawa.

Mpaka unawapa hofu ambayo mwenye nyumba wa Nakuru hana. Mpangaji mwenye deni la miezi 3 anaweza kuhamisha mzigo usiku kwa bodaboda na kuwa nchi nyingine kabla ya alfajiri. Kumfuata kunataka mahakama ya nchi nyingine, nauli na muda, na deni lenyewe pengine halifikii gharama hizo. Kufuli la pili huwekwa na mtu mwenye hofu hiyo. Hofu hiyohiyo ndiyo inayozaa amana kubwa na kile ambacho wafanyabiashara wa Kenya hukiita gudwili, yaani kilemba cha kuingilia dukani.

Kisha kuna ushuru. Nchini Uganda mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kenya, tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 kwa wanaoingia katika mpango wa malipo ya kila mwezi, na pango la maduka huingizwa katika hesabu ya kawaida ya mapato. Mwenye nyumba anayekwepa ushuru hataki kutoa risiti. Kwa hiyo mpangaji anayekubali kupunguziwa kidogo ili asidai risiti ameuza ushahidi wake.

Lango likifungwa, pango linaendelea

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria kwa sababu ya korona, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kupita. Mfanyabiashara mdogo anayevuka kwa miguu akatenganishwa na stoo yake. Rais Museveni aliwasihi wenye nyumba wasiwafukuze wapangaji, lakini pango halikufutwa. Lilirundikana.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti. Malori yalikwama Busia na Malaba. Waliokuwa na mahindi stoo walilipia nafasi ya mzigo ambao haukuweza kusonga.

Mikataba mingi ya mpakani haina neno lolote kuhusu siku kama hizo. Haisemi kama pango litapunguzwa lango likifungwa kwa amri ya serikali, wala kama mwenye nyumba anaruhusiwa kufungua stoo ili mali isioze. Mambo mawili hayo yameshatokea ndani ya miezi 12, na hakuna sababu ya kudhani hayatarudi.

Kabla ya kutoa pesa

Wanaokaa muda mrefu bila ugomvi huwa wamefanya mambo machache mwanzoni. Wameandika majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote mbili. Wametaja chumba, kiasi cha pango, sarafu na tarehe ya kulipa. Wameandika amana ni kiasi gani na itarudishwa lini. Ukarabati aliofanya mpangaji umeandikwa, pamoja na kama utakatwa kwenye pango. Wameongeza sentensi moja kuhusu lango kufungwa, na jina la ndugu wa kupigiwa simu mmoja wao akiugua au kufariki.

Upande wa Uganda, wamesaini mbele ya mwenyekiti wa LC1 au mashahidi wanaojulikana mtaani, na mkataba wa kukodi ardhi wa miaka 5 au zaidi wameupeleka kusajiliwa. Upande wa Kenya, wanajua kwamba notisi ikija, miezi 2 imeanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Pande zote mbili wanalipa kwa njia inayoacha alama, na aliyelipa taslimu haondoki bila sahihi.

Kwa mjomba au shemeji pia njia ipo. Karatasi inaweza kuombwa kwa heshima: "Mzee, tuandike ili watoto wetu wasije wakagombana." Ombi hilo halimvunjii mzee heshima, na warithi wakija watakuta kila kitu kimeandikwa.